Jicho jekundu haliko ugonjwa moja

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa udongo na mbolea, lisansie wa agronomia. Siko dokta na sitaandika hapa sawa dokta. Lakini kuna mwaka mzima sasa ninasoma juu ya macho, na ninauliza kila muganga wa macho anayekubali kunijibu, kwa sababu nitakayosema mbele kidogo. Jambo hili linatuhusu sisi tuliosoma kuliko tunavyofikiri. Sisi njo watu wanaoulizwa mu jamaa. Mtoto akiamka na jicho jekundu, hawapigii dokta simu, wanapigia ule aliyemaliza ku iniversite: "Yaya, tununue dawa gani?" Na sisi, juu hatupendi kuonekana hatujui, tunajibu.

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, mvua ikiwa imekatika na vumbi likipanda ku Ruashi, ku Katuba na ku barabara zote ambazo hazina lami, macho mekundu yanakuwa mengi mu Lubumbashi. Mengi kati ya hayo ni ya vumbi, ama ya aleji, ama ni ile inayoambukizana, Apollo. (Jina lina historia yake: ugonjwa ule ulilipuka Ghana mu 1969, mwaka ule ule Apollo 11 ilifikisha watu ku mwezi, na jina likashika sehemu kubwa ya Afrika.) Apollo inashika ngozi ya inje ya jicho, ile nyembamba inayofunika sehemu nyeupe. Inatoa machozi na uchafu, inawasha, inaanza jicho moja na kupita ku la pili, inazunguka nyumba mzima, kisha inaisha yenyewe mu siku chache ama wiki moja na kidogo. Kuona hakupotei. Njo maana tumezoea kusema: jicho jekundu, haiko neno, itapita.

Shida ni kwamba kuna jicho jekundu lingine, ambalo ugonjwa wake hauko inje, uko ndani. Mu kazi yetu ya mashamba tunajua jambo la namna hii vizuri. Majani ya muhindi yakigeuka manjano, mkulima anakimbilia kununua ureya. Lakini manjano haiko ugonjwa, ni alama. Inaweza kuwa azoti imekosekana, inaweza kuwa maji yamesimama ku mizizi, inaweza kuwa virusi vilivyoletwa na mdudu. Ili kujua, unaangalia ni majani gani yameanza, ya chini ama ya juu, na kama manjano inafuata mishipa ama inapita katikati yake. Ukimwaga ureya ku shamba lenye virusi, umepoteza feza na muhindi pia. Dokta wa macho naye anafanya vile vile: wekundu uko wapi, maumivu yako vipi, mboni iko na sura gani.

Ndani ya jicho kuna tabaka moja lenye rangi na damu mingi, linaitwa uvea. Jina limetoka ku kilatini, uva, ni kusema zabibu, juu waganga wa zamani walipotoa ngozi nyeupe ya jicho waliona kitu cheusi, laini, kinachofanana na zabibu. Uvea iko na vipande vitatu vinavyofuatana. Mbele kuna irisi, ile duara ya rangi yenye tundu katikati (tundu njo mboni). Nyuma yake kuna sehemu inayotengeneza maji ya jicho na kushika lenzi. Nyuma kabisa kuna koroidi, inayolisha retina. Na retina njo ngozi inayopokea picha, sawa filimu mu aparei ya foto ya zamani. Tabaka hilo likishikwa na inflamasio, ugonjwa unaitwa uveiti. Unashika zaidi watu wa miaka 20 hadi 60, ni kusema watu wa kazi, wenye watoto wa kulipia masomo. Katarakti ya wazee ni habari nyingine.

Madokta wanaigawanya kufuatana na mahali moto ulipo: ya mbele, ya katikati, ya nyuma, na ile inayochoma jicho lote. Ya mbele njo inayoonekana zaidi. Mara nyingi ni jicho moja. Wekundu umekaza kama pete kuzunguka sehemu ya rangi, kuliko ku pembe za jicho. Mwanga unaumiza: mgonjwa anafunga madirisha, anavaa kofia ndani ya nyumba. Maumivu ni ya ndani, ya kupiga, yanapanda mpaka ku kipaji, hayafanani na mchanga ulioingia. Hakuna uchafu mzito wa kufunga kope asubuhi, kuna machozi tu. Mboni inakuwa ndogo kuliko ya jicho lingine. Na kuona kunapungua, sawa mtu anayeangalia kupitia kioo chenye mvuke. Chini ya ile mashini wanapokuweka kidevu na kipaji, dokta anaona chembe nyeupe za damu zikielea ndani ya maji ya jicho, sawa vumbi mu mwali wa jua unaoingia mu dirisha. Zikiwa mingi sana zinatuama chini na kufanya mstari mweupe, ambao hata mama ya nyumba anaweza kuuona bila mashini yoyote. Ukiona ule mstari, usingoje kesho.

Ya nyuma ni mwizi. Jicho linaweza kubaki jeupe kabisa, bila maumivu. Mgonjwa anasema tu kwamba anaona nzi wadogo ama nyuzi za buibui zinazotembea, ama kuna kivuli katikati ya kile anachoangalia, ama kingo za mlango zimepinda. Wengine wanagundua siku wanayoziba kwa bahati lile jicho lililo salama. Ninakaza juu ya hii sababu kichwa cha maandishi yangu kinaweza kudanganya: kati ya macho yanayopotea kwa uveiti, mengine hayakuwa mekundu hata siku moja.

Sasa, kuona kunapotea namna gani? Hapa njo nilitaka kuelewa zaidi, juu mara mingi wanaandika tu "inaleta upofu" na wanapita. Inflamasio inamwaga protini mu maji ya jicho, na irisi inaanza kunata. Inagandamana na lenzi iliyo nyuma yake. Mboni haifunguki tena vizuri, ukingo wake unakuwa na meno meno sawa jani lililoliwa na panzi. Kama imeganda duara yote, maji yanayotengenezwa nyuma hayana njia ya kupita mbele, yanajaa, tansio ya jicho inapanda, na tansio inaua mshipa unaopeleka picha ku ubongo. Hiyo ni glaukoma, na mshipa uliokufa haurudi. Njo maana dokta anatoa matone ya atropini: yanafungua mboni na kuitoa mu njia ya ule ulimbo, na pia yanapumzisha msuli unaoumia. Mgonjwa ambaye hakuelezwa anaacha atropini siku ya pili, juu inamfanya asione vizuri karibu na mwanga unamsumbua. Dakika tano za kueleza zingeokoa mboni.

Njia ya pili ni lenzi yenyewe kugeuka nyeupe, katarakti, hata ku kijana wa miaka 25. Hiyo inaweza kupasuliwa, lakini jicho linapaswa kwanza kutulia kwa miezi. Njia ya tatu ni maji kuvuja mu katikati ya retina, pale tunaposomea na kutambua sura ya mtu. Hiyo njo moja ya sababu kubwa zaidi za kupoteza kuona kwa wenye uveiti, na haiumi. Njia ya nne: moto ukiwa nyuma, retina inaungua na kuacha kovu, na kovu halioni. Na mwisho wa yote, jicho lililochoka linaacha kutengeneza maji, linanywea, linakuwa dogo sawa tunda lililokauka ku mti.

Mama mudogo wangu anauza lengalenga na matembele, kila siku saa kumi na moja ya asubuhi yuko njiani. Mwaka uliopita, mu mwezi wa tano, jicho lake la kushoto likawa jekundu na mwanga ukaanza kumuumiza. Alienda ku farmasi moja ya karibu na kwake. Akapewa kichupa cha matone chenye antibiotiki na kortizoni pamoja. Siku tatu, jicho likawa jeupe. Akaacha. Wiki mbili, likarudi. Akanunua tena, juu ile dawa "ilimsaidiaka". Alifika ku dokta wa macho mu mwezi wa kumi, kisha binti yake kuona kwamba anagonga watu wanaopita upande wa kushoto.

Dokta akamuuliza: "Mama, hii dawa ulitiaka siku ngapi?"

"Siku, dokta? Nilianzaka mbele ya vumbi."

Tansio ya lile jicho ilikuwa juu sana, mboni imeganda, mshipa umekwisha kupauka. Leo anaona nalo mwanga wa mlango, basi. Nilimuuliza dokta ni nini kililiua, ugonjwa ama kile kichupa. Alijibu kwamba vyote viwili vinapandisha tansio, na kwamba jicho likifika vile halikuambii tena nani alianza.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema kortizoni ni sumu. Kwa uveiti nyingi njo dawa yenyewe, na kuikosa pia kunapofusha. Lakini ni dawa ya kutiwa na mtu anayepima. Kwanza, ikitumika kwa wiki nyingi, inapandisha tansio ya jicho kwa karibu mtu 1 kati ya 3, na tansio hiyo haina sauti, mgonjwa hasikii kitu. Pili, inafuta wekundu bila kufuta sababu. Tatu, kuna maadui ambao kortizoni inawalisha: herpesi ya ku konea (konea ni kile kioo cha mbele ya jicho), na fungi. Hapa ninaongea na wenzangu wa mashamba. Mu wakati wa kuvuna muhindi, jani kavu linakata konea, ama punje inaruka na kupiga jicho, na fungi wa ku jani wanaingia mu kidonda. Ile haiko uveiti, ni kidonda cha kioo, hata kama inaweza kuamsha uveiti nyuma yake. Ukiweka kortizoni pale, ni sawa kumwagilia kuvu. Jicho lililopigwa na kitu cha shamba, kisha likaanza kuuma na kuonyesha doa jeupe, lisionje kabisa kichupa cha jirani.

Nirudi ku uveiti. Swali linalofuata ni nani aliwasha moto, na mu bara letu jibu mara mingi ni kiumbe hai.

Historia kubwa ya ugonjwa huu imeandikwa mu Kongo yetu, na inanishangaza kwamba hatuifundishwi. Mu miaka ya 1930, dokta Mbelgiji Jean Hissette alikuwa anapita vijiji vya kandokando ya mito Sankuru na Lomami. Lomami, tukumbuke, inaanzia huku kwetu, mu nyanda za Katanga. Akakuta vipofu wengi kupita kiasi, na watu wenye vinundu chini ya ngozi. Alitambua kwamba upofu ule unatoka ku mnyoo wa onkoserka, na mu 1932 akatangaza. Guatemala, dokta Rodolfo Robles alikuwa ameunganisha mnyoo na macho tangu 1915, lakini kwa Afrika wakubwa wengi hawakumwamini Hissette. Mu 1934 msafara wa chuo cha Harvard, ukiongozwa na Richard Strong, ulikuja mpaka kule, na ukakuta alichosema ni kweli.

Anayeleta mnyoo ni nzi mweusi mdogo, simulie. Anataga mu maji yanayokimbia ku mawe, juu mabuu yake yanataka hewa mingi ndani ya maji. Ku kidimbwa hayaishi. Njo sababu wanaita upofu wa mito. Ku bonde la Volta, Afrika ya Magharibi, watu walihama udongo mzuri wa karibu na mto na kwenda kulima vilima vikavu, kwa kuogopa upofu. Kwa mtu wa agronomia hiyo ni hesabu ya kutisha: mdudu wa milimita chache anaamua ramani ya mashamba.

Mnyoo mkubwa anaishi mu kinundu miaka 10 mpaka 15, na anazaa watoto kwa maelfu, mikrofilaria, wanaotembea mu ngozi mpaka wanaingia mu jicho. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitazamii. Mikrofilaria hai hasumbui sana. Dokta anaweza kumuona anaogelea mu maji ya mbele ya jicho, na mgonjwa halalamiki. Anapokufa njo inflamasio inaanza. Tena sehemu kubwa ya ule moto haitoki ku mnyoo wenyewe, inatoka ku bakteria anayeishi ndani yake, Wolbachia, anayemwagika mnyoo akipasuka. Miaka na miaka ya vifo vidogo vidogo vya namna ile, na konea inakuwa nyeupe, irisi inaganda, koroidi na retina zinaisha, mshipa wa jicho unakauka. Ugonjwa mmoja, na sura zote nilizoeleza juu. Hali ya nyuma ya jicho ilielezwa vizuri mu 1945 na Mwingereza Harold Ridley, aliyekuwa ameiona Ghana wakati wa vita. Ni yeye yule aliyeweka lenzi ya plastiki ya kwanza ndani ya jicho la mtu, mu 1949, ile ambayo leo kila mzee aliyepasuliwa katarakti anayo. Nilipojua hii nilicheka peke yangu.

Dawa yake inatoka ku udongo, niruhusuni kujivuna kidogo. Mjapani Satoshi Ōmura alichukua udongo karibu na uwanja wa golfu, Kawana, akatoa bakteria moja. William Campbell, mu maabara ya Merck, akapata ndani yake kile kilichozaa ivermektini. Ilianza kuuzwa kwa wanyama mu 1981, na tangu 1987 Merck inaitoa bure kwa watu wenye onkoserkozi, kwa jina la Mectizan. Nobeli ikafika mu 2015. Wenye kufuga wanaijua, ni ile sindano ya ngombe. Lakini musijaribu kujitibu na ya ngombe. Inaua watoto wa mnyoo, haiui mzazi, kwa hiyo inarudiwa kila mwaka kwa miaka mingi. Na ku sehemu za msitu ambako kuna mnyoo mwingine, loa, mtu mwenye loa wengi sana mu damu anaweza kupoteza fahamu ama kufa akiimeza. Ule mpango wa kugawa dawa kijiji kwa kijiji uko na sheria zake kwa sababu hiyo.

Jambo la pili la kwetu ni Ebola. Mu 1995 Kikwit ilipata wagonjwa 315, na karibu 8 kati ya 10 wakakufa. Waliopona walirudi nyumbani, watu wakafikiri imekwisha. Kisha mwezi moja na zaidi, wengine wakaanza kulalamika: jicho linauma, mwanga hawauwezi, kuona kunapungua. Madokta Wakongomani, Kibadi na wenzake, waliandika juu yao mu 1999: watu 4, wote na uveiti, wote wakapata nafuu kwa matone ya atropini na kortizoni. Watu 4 ni wachache. Dunia ilisoma na kuendelea na kazi yake.

Miaka 15 baadaye, Afrika ya Magharibi ikaungua, na waponaji walikuwa maelfu. Dokta Mwamerika Ian Crozier, aliyekuwa akifanya kazi Kampala kabla ya kwenda Sierra Leone, aliugua Ebola mu 2014 na akapona. Halafu jicho lake la kushoto likashikwa, na rangi yake ikageuka kutoka ku bluu mpaka ku kijani. Walipovuta maji ndani ya lile jicho walikuta virusi hai, wiki 14 tangu alipoanza kuugua, na damu yake ikiwa safi kwa wiki 9. Jicho ni sawa chumba ambamo kinga ya mwili inaingia na adabu, isivunje vyombo. Virusi vinajificha mule. Liberia, uchunguzi mkubwa uliotoka mu 2019 ulikuta uveiti kwa zaidi ya robo ya waponaji, 26%, na 12% kwa watu wa karibu nao ambao hawakuugua. Hiyo 12% nayo tuiangalie vizuri: hata pasipo Ebola, macho yetu tayari yako na moto mwingi.

Kwa hiyo mlipuko ulipofika Beni, Butembo na Mangina, 2018 mpaka 2020, wenye wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, tayari kulikuwa watu wanaojua. Mu 2019, ugonjwa ukiwa bado unaendelea, Beni ilifunguliwa kliniki ya macho kwa waponaji. Na moja ya dawa mbili zilizoshinda katika majaribio ya kule, mAb114, ilitolewa ku damu ya mponaji wa Kikwit ya 1995. Tunasemaka Kongo haitoi kitu, lakini hii ilitoka kwetu.

Sasa nishuke ku bilanga za mboga, pale ninapofanya kazi. Toksoplasma ni kijidudu cha paka. Paka anakiacha mu mavi yake, na mu udongo wenye unyevu mayai yake yanaweza kuishi zaidi ya mwaka moja. Mtu anakipata kwa kula nyama isiyoiva, ama mboga mbichi isiyosafishwa vizuri, ama kwa mikono ya udongo. Wengi hawasikii kitu. Kwa wengine kinalala mu retina, na mwanamke akikipata wakati ana mimba kinaweza kupita ku mtoto. Miaka baadaye, pembeni ya kovu la zamani, moto mpya unawaka, na maji ya jicho yanakuwa na ukungu: madokta wanasema ni sawa kuona taa ya motokari mu ukungu. Kovu likiwa katikati ya retina, kusoma kumekwisha ku jicho lile. Kortizoni peke yake hapa inafungua mlango kwa kijidudu. Inapaswa kutembea pamoja na dawa inayokipiga, na kotrimoksazoli, ile ya bei ya chini inayopatikana kila mahali, ni moja inayotumika.

Lengalenga, matembele na sombe tunazipika mpaka zinaiva, hazina hatari hiyo. Ninaogopa zaidi saladi, tomati na shu inayokatwa mbichi pembeni ya nyama ya kuchoma, na hasa maji ya kisima wanayoinyunyizia sokoni ili ionekane mpya. Ku bustani, paka anapenda pepinyeri juu udongo wake ni laini. Matawi ya miiba juu ya kitalu yanatosha kumfukuza. Wanawake wenye mimba wasifanye kazi ya kupanda miche bila kufunika mikono. Hakuna mradi niliofanya ambao uliandika hii mu mafundisho yake, tunaandika paka kipimo cha mbolea.

Wengine nitawapitia haraka. Zona ikitoka ku kipaji na kushuka, ukiona malengelenge ku ncha ya pua, jicho liko mu hatari, juu mshipa ni moja. Na kijana mwenye zona apimwe VVU. Mwenye SIDA ambaye CD4 zimeshuka chini ya 50 anaweza kupoteza retina kwa virusi vinavyoitwa CMV, bila jicho kuuma. Kaswende inaiga kila aina ya uveiti, ya mbele, ya nyuma, ya kote. Inajulikana kwa kipimo cha damu na inasikia penisilini, kwa hiyo kuikosa ni aibu. Kifua kikuu kinaweza kukaa mu jicho hata mtu asikohoe. Na kuna zile ambazo hazina kijidudu, mwili unajipiga wenyewe: mwenye mgongo unaokaza asubuhi, mwenye vidonda vya mdomo vinavyorudi rudi, ama mwenye masikio yanayolia na nywele zinazogeuka nyeupe kwa ghafula. Njo maana dokta wa macho anakuuliza juu ya mgongo na ngozi. Mgonjwa anafikiri anapotea njia.

Basi mu jamaa wakikupigia simu, usitaje dawa. Uliza: kuona kumepungua, akiziba jicho moja kisha lingine? Mwanga unamuumiza? Maumivu ni ya ndani? Mboni ziko sawa? Kuna kitu kilimpiga? Alipata hii mbele, ikapita, ikarudi? "Ndiyo" moja ku hayo inatosha kwenda ku dokta wa macho mwenye ile mashini ya kidevu na kipima tansio, siku ile ile ama kesho yake. Mwambie pia abebe kichupa chochote alichokuwa anatia, hata kama kimeisha, hata kama karatasi imechanika. Mama mudogo alikuwa amekitupa, na dokta alipoteza siku mbili kabla ya kujua ndani kulikuwa nini.